Upande wa Dirishani

Kazi ya Kiganja ilikuwa kupapasa magari. Usicheke. Kuna watu wanalipwa kuonja chai, kuna wengine wanalipwa kunusa manukato, na yeye alilipwa kufumba macho, kuweka mkono juu ya gari ambalo bado halijazaliwa, na kuutembeza taratibu kutoka kwenye taa ya mbele hadi kwenye buti. Mkono ukisimama, basi hapo pana kitu: kijilima, kijishimo, mahali udongo umepungua kiasi cha unene wa unywele. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kiwandani, kuanzia kwa walinzi wa getini hadi kwa Mkuu mwenyewe, aliitwa Kiganja, naye akaitika.

Maana gari, kabla ya kuwa bati, huwa udongo. Si udongo wa shambani. Ni udongo wa kahawia wenye mafuta, unaopashwa moto mpaka ulainike, kisha unabandikwa juu ya kiunzi na kukwanguliwa kwa visu mpaka litokee gari zima, ukubwa wake ule ule, ila halina injini wala viti. Ukumbi wao wa kazi ulikuwa mpana, mweupe, wa baridi, na taa ndefu zilizopangwa darini kwa mistari. Taa zile ndizo zilikuwa mahakimu. Udongo ukishavishwa plastiki inayong'aa kama rangi, mwanga wa taa hulala juu yake na kuteleza kadiri unavyotembea. Penye kosa mwanga unavunjika, na hakuna porojo itakayouunga.

Sasa kuna jambo moja ambalo ukiwaambia watu wa nje wanadhani unawafunga kamba. Gari la udongo halifanani pande zake mbili. Kwa kuwa kulijenga ni kazi ya kuvunja mgongo, upande mmoja hupewa wazo la huyu na upande wa pili wazo la yule, katikati unapita utepe mweusi, na wakubwa wanakuja kuzunguka na kuchagua. Upande ulioshindwa unakwanguliwa wote, na ule ulioshinda unanakiliwa juu yake. Wengine wangeziita upande wa dereva na upande wa abiria, lakini pale kiwandani hilo lilikwisha kuleta ugomvi, kwa sababu gari lao liliuzwa nchi ambazo dereva anakaa huku na nchi ambazo anakaa kule, na kila soko lilidai lake ndilo la kawaida. Basi wakamaliza ubishi kwa kutazama ukumbi wao wenyewe: upande wa ukutani na upande wa dirishani.

Gari lenyewe wafanyakazi walilibatiza Kobe. Ni lile gari dogo lililonyanyuka, ambalo si saluni na halijawa gari la porini, linalopanda ukingo wa barabara bila kuomba radhi. Kobe wa kwanza alitengenezwa kwa ajili ya watu wa nyumbani tu: mfupi toka pua hadi mkia, mrefu wa kimo, mgongo wa mviringo, na hana haraka hata kidogo. Akapendwa. Akapelekwa ng'ambo, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Kwenye theluji walitaka viti vya moto. Kwenye joto wakasema viti vya moto ni vya nini, jamani, tuleteeni ubaridi wa viti vya nyuma, maana mama mkwe anakaa nyuma na ana mdomo. Miji ya barabara nyembamba ikaomba vioo vya pembeni vikunjike; nchi ya barabara pana ikalalamika kwamba gari limefinywa, livuteni, nalo likavutwa. Mahali pengine wakambadilisha pua, pengine wakampa jina refu ambalo huwezi kulitamka bila kunywa maji kwanza. Kila kizazi kilichokuja Kobe alinenepa, akashusha mabega, akakunja uso, kama mtu aliyepata cheo na hataki tena kukumbushwa alikotoka.

Aliyemchora tangu mwanzo ni mke wa Kiganja. Walijuana kwa huyo huyo Kobe wa kwanza. Kiganja alikuwa upande wa ukutani, na upande wa dirishani kulikuwa na binti mgeni mwenye penseli sikioni, gari katikati yao. Msimu mzima walifanya kazi wakisikiana tu: huyu anakwangua, yule anapiga mluzi, huyu anaomba kisu, yule anakipitisha juu ya paa. Kiganja alikuwa akisema kwamba aliupenda mkono kabla hajaupenda uso. Upande wa dirishani ukashinda. Akanuna, akasusa chakula cha mchana, kisha akaposa.

Baada ya hapo walifanya kazi pamoja, na walikuwa na mtindo wao ambao hawakuwahi kuuwekea maneno. Mkewe alichora. Akifika mahali ambapo mstari umemgomea, hakujisumbua. Aliuacha wazi, na Kiganja akauzibia pengo kwenye udongo. Hawakuulizana. Akikuta pameachwa, anapajaza, na mkewe akipita anapagusa, anatikisa kichwa kuridhika, basi yamekwisha. Mungu hakuwajalia mtoto, na kiwandani wakawatania kwamba Kobe ndiye mtoto wao. Utani huo ulikuwa unauma, tuseme ukweli, lakini walicheka pamoja na wengine kwa sababu wangefanyaje.

Halafu kampuni ikafungua ofisi ng'ambo, mbali hasa, kwa ajili ya kuyasikiliza masoko ya huko, na mkewe akaombwa aiongoze. Ni kwa muda mfupi, wakasema. Asubuhi ya safari alisimama mlangoni na sanduku lake, amevaa koti tayari, na hakutoka. Kiganja alijua kabisa kwamba anangojewa aseme kitu. Ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Akasema ni nafasi nzuri, asiipoteze. Mkewe akasema kweli, ni nafasi nzuri, akatoka. Muda mfupi ukaongezwa, ukaongezwa tena, mpaka Kiganja akaacha kuuliza, kwa kuwa kuuliza kulikuwa kunamuaibisha.

Nyumba ikawa kubwa. Alilala kwenye nusu yake ya kitanda na kutandika nusu hiyo tu, ile nyingine ilikaa imenyooka kama kitanda cha hoteli. Alipika mara moja akala mara tatu. Redio aliiwasha akiingia na kuizima akilala, hata hakujua inasema nini, alitaka tu kuwe na mtu anayeongea. Jumapili walipigiana simu. Waliweza kuzungumza saa nzima kuhusu bega la gari, kama liinuke au lishuke, na kuhusu wao wenyewe hawazungumzi hata kidogo. Unakula vizuri? Nakula. Huko baridi? Kiasi. Haya, usiku mwema, ingawa upande mmoja jua lilikuwa linawaka. Simu ikikatika Kiganja alibaki ameishika, yeye na upweke wake, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba jambo hilo lina jina.

Ulipofika wakati wa kumsuka upya Kobe, Mkuu aliwaita wote ukumbini akatangaza utaratibu. Timu ya nyumbani, chini ya Kiganja, itapewa upande wa ukutani. Timu ya ng'ambo, chini ya mkewe, itapewa upande wa dirishani. Michoro itatumwa kwa kompyuta na udongo utafanyiwa kazi hapa. Wakuu wa masoko watakuja kuchagua. Wa ng'ambo wakishinda, watalifuata gari soko kwa soko, kwa miaka minne, kulirekebishia kila nchi pua na miguu yake. Na kama watashindwa, ofisi yao itafungwa, watu warudi nyumbani, na marekebisho yafanyiwe hapa hapa. Aliyasema hayo akiwa ameshika kikombe, kama mtu anayetangaza ratiba ya usafi.

Kiganja alisikia neno moja tu, warudi. Moyo ulimpiga kwa nguvu mpaka akaona aibu, akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Dada yake mkubwa alimtembelea wiki hiyo. Yule mama hajui kumung'unya maneno, na tangu utotoni ndiye aliyekuwa akisema yale ambayo mdogo wake anayameza. Kiganja alimweleza habari ya pande mbili, jinsi atakavyofanya upande wake uwe mzuri kuliko yote aliyowahi kufanya, ili ushinde, ili mkewe arudi. Dada akamsikiliza huku akitazama sinki lenye sahani moja na kijiko kimoja. Akamuuliza kwa nini asimpigie simu wifi yake akamwambia tu arudi. Kiganja akasema hawezi kumkatizia mtu kazi yake. Amejenga jina kule, wanamheshimu, amuite kwa sababu gani, kwa sababu sahani zimekuwa chache? Dada akainuka, akachukua mkoba wake. "Basi endelea kuoana na redio," akasema, na akaenda zake.

Michoro ya upande wa dirishani ikaja, na pamoja nayo ombi: mkewe alitaka upande wake umaliziwe na Kiganja mwenyewe, asiguse mtu mwingine. Vijana wa ukumbini wakamcheka, eti refa na mchezaji ni mtu mmoja. Mkuu akasema hana wasiwasi, hawa wawili hata wakinyongana watanyongana kwa vipimo sahihi. Kiganja akafurahi kupita kiasi. Aliona ameaminiwa. Asubuhi alifanya kazi ukutani, mchana akahamia dirishani, na kuna nyakati alikwangua huku amesikiliza, kama vile ng'ambo ya paa patatokea mkono unaoomba kisu.

Na upande wa mkewe ulikuwa mzuri. Hilo halikumpendeza lakini macho hayadanganyi. Upande wake yeye, wa ukutani, ulikuwa safi, imara, gari ambalo mtu angelinunua na asijute. Ule wa dirishani ulikuwa na kitu cha Kobe wa kwanza, ule uchangamfu ambao masoko yalikuwa yameukamua wote. Mstari uliondoka kwenye taa ya mbele, ukapita chini ya madirisha bila kelele, ukaenda zake nyuma kama mtu anayejua njia ya kwao. Mpaka ulipofika kwenye bega la nyuma, juu ya tairi. Mashine inayoukata udongo kwa kufuata mchoro ilipomaliza hapo, Kiganja alipitisha mkono, na mkono ukasimama.

Palikuwa pamezama. Si sana, lakini palikuwa pamezama vibaya, mahali pabaya, na mwanga ulipofika hapo ulikatika vipande viwili. Mstari wote ule mzuri ukaonekana kama umejikwaa. Alifumba macho akarudia. Akarudia tena kwa mkono wa kushoto. Hakukosea. Kwa wakuu wa masoko ambao wataliona gari zima kwa mara ya kwanza, bega lile lingemaliza kila kitu. Wasingejua kwa nini, wangesema tu kwamba upande huu una kitu hakijakaa sawa, wangehamia ukutani.

Hakutakiwa kufanya lolote. Huo ndio ulikuwa mtihani, na ni mtihani mbaya kuliko ule wa kuharibu. Angeharibu kazi ya mtu angekuwa mwizi. Lakini hapa alitakiwa tu apaache kama palivyochorwa, afuate mchoro, anyamaze, na mkewe angerudi nyumbani na sanduku lake. Alikaa kwenye kigoda chake mbele ya tairi, ameshika tama, wenzake wakadhani anapumzika.

Jumapili alimpigia. Akazunguka zunguka na habari za hali ya hewa, kisha akalitoa. Akasema, mwenzangu, kwenye bega la nyuma pana kitu. 

"Nimepaona," mkewe akasema. "Ukitaka, paache hivyo hivyo."

Akauliza kama amechoka. Mkewe akasema ndiyo, amechoka sana. Kiganja akasema basi alale, asijisumbue, yeye atajua la kufanya. Na kwa ile sauti yenye uchovu, mtu yule akaupindua ulimwengu wote kichwani mwake. Akaona mkewe amezidiwa na kazi, mstari umemgomea, hana nguvu tena ya kuufuata, na sasa kwa unyonge anamwambia aache. Atasimama mbele ya wakuu wa masoko yote na timu yake nyuma yake, na mwanga utavunjika pale, na wao watanong'onezana kwamba mama huyu amekwisha. Na mumewe ndiye aliyekuwa ameshika kisu. Hapana. Mimi nakwambia, kuna watu ambao hata wema wao unahitaji kufungwa kamba.

Siku iliyofuata aliupasha udongo moto mwenyewe. Akaupaka pale bega lilipozama, safu nyembamba juu ya safu nyembamba, akakwangua, akapapasa, akakwangua. Haikuwa rahisi, ukipanda juu kidogo bega linavimba kama la mtu aliyebeba gunia, ukishuka linazama tena. Mchana ukaenda. Mahali fulani katikati ya kazi ile alijisahau kabisa, akawa mwenye furaha, kama walivyokuwa zamani, yeye akijaza pale mwenzake alipoacha. Alipomaliza alifumba macho akautembeza mkono kutoka kwenye taa ya mbele hadi kwenye buti, nao haukusimama popote. Akaketi sakafuni, na machozi yakamtoka, kwa sababu alijua amefanya kazi bora ya maisha yake na amejifungia mke nje kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya kuchagua, mkewe alifika asubuhi ile ile, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, pamoja na timu yake. Nywele zake alikuwa amezikata. Kiganja hakuambiwa habari hiyo kwenye simu, na ilimuuma kama vile ametukanwa. Wakapeana mkono mbele za watu. Hujambo? Sijambo, safari? Safari njema. Mkono wake ulikuwa baridi, akauachia haraka kuliko alivyotaka, maana Mkuu alikuwa anawatazama.

Wakuu wa masoko wakaingia, kila mmoja na dhiki yake. Wa theluji akauliza taa za nyuma zitaonekanaje zikifunikwa. Wa barabara nyembamba akapima upana kwa mikono, kama fundi nguo. Yule wa joto akataka kujua kama mama mkwe bado amefikiriwa, na watu wakacheka. Kisha turubai likavutwa.

Walianza ukutani, wakatikisa vichwa kwa heshima. Wakazunguka pua, wakaja dirishani, na maneno yakapungua. Yule mama wa barabara pana, ambaye tangu aingie hakuwa amefunga mdomo, alitembea pole pole kando ya gari, na mwanga ukateleza pamoja naye juu ya milango, juu ya bega, mpaka nyuma, bila kukatika. Akarudi mwanzo akatembea tena.

Kiganja hakuwa anawatazama wao. Alimtazama mkewe. Yeye naye alikuwa amesogea, ameweka kiganja kwenye taa ya mbele, akakitembeza kama alivyokitembeza kwenye Kobe wote waliotangulia. Mkono ukapita mlango wa kwanza, ukapita wa pili, ukafika kwenye bega la nyuma. Ukapita. Akasimama, akaurudisha, akapapasa pale pale, huku na huku, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kisha akaondoa mkono akauweka mfukoni. Kiganja akangoja atikise kichwa kuridhika. Hakutikisa.

Uamuzi haukuchukua muda. Wote kwa pamoja wakasema dirishani, wakapiga makofi, Mkuu akamshika mkono mke wa Kiganja akamwongoza ofisini kutia sahihi ya ile safari ya miaka minne, kwa kuwa wakuu walikuwa na ndege ya kuwahi. Watu wakaelekea kwenye chakula. Kiganja akabaki ukumbini, anakusanya visu ambavyo vilikuwa vimekwisha kukusanywa.

Mkewe alirudi peke yake. Alipita upande wa ukutani, akasimama huko, gari likiwa katikati yao, na Kiganja akamwona kichwa tu juu ya paa.

Akamuuliza kwa nini alipajaza pale. Kiganja akasema kwa sababu palikuwa pamezama, na yeye alikuwa amechoka, na angeaibika mbele za watu wote wale. Akasema asante si lazima.

"Nilipazamisha mimi," mkewe akasema. "Nilikaa na mstari ule mpaka nikaupata, halafu nikauharibu. Nilitaka kushindwa, nirudi."

Kiganja akaweka visu chini. Mkewe akaendelea, kwa sauti ya chini, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. Alisema hakuweza kuacha kazi akarudi hivi hivi, aje aonekane amejileta kwenye nyumba ambayo hakuitwa. Tangu siku ile ya sanduku alikuwa anangoja kuitwa. Basi akaona aliache gari liamue. Akaomba upande wake apewe yeye Kiganja, kwa sababu mtu mwingine angefuata mchoro bila kujua kitu, na yeye hakutaka kurudi kwa bahati. Alitaka Kiganja apaone, ajue, na apaache. Apaache kwa kuwa anamtaka nyumbani. Hata kwenye simu alimwambia, paache. Alipoukuta mstari umemalizwa, akajua jibu la Kiganja.

"Si jibu hilo," Kiganja akasema. "Nilikuonea huruma. Nilidhani utaaibika."

"Ningeaibika siku moja," mkewe akasema. "Halafu ningekuwa nyumbani."

Mlango ukafunguliwa, mmoja wa timu yake akachungulia akasema gari la uwanja wa ndege liko nje na wakubwa wamekwisha kupanda. Mkewe akaokota koti lake. Akazunguka pua ya Kobe, akaja mpaka alipo, akamnyooshea kola ya shati kama alivyokuwa akifanya zamani, na Kiganja akahisi ile baridi ya vidole vyake shingoni.

"Rudi," Kiganja akasema. Lilitoka lenyewe, jepesi, halina uzito wowote. Alishangaa kwamba ni neno dogo kiasi kile.

"Nimetia sahihi sasa hivi," mkewe akasema. "Wino haujakauka."

Akaenda. Kiganja alisikia viatu vyake kwenye korido, kisha mlango wa nje, kisha gari. Alitamani kukimbia. Hakukimbia, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukimbia, na kwa sababu hiyo hiyo yalimfika yaliyomfika.

Kesho yake Mkuu alipita kumpongeza, akamwambia aanze mapema, udongo wa ukutani uondolewe na upande wa dirishani unakiliwe huko, vipimo vinangojwa na masoko yote. Kiganja akachukua kisu akaanza kujikwangua mwenyewe. Vipande vya kahawia vilianguka miguuni pake, akavikusanya, akavirudisha motoni vilainike, akavibandika tena, na pole pole mstari wa mkewe ukaanza kutokea upande ule ambao ulikuwa wake. Hakuna aliyepiga mluzi. Alipofika kwenye bega la nyuma mkono wake ulisita. Angeweza kupazamisha hapa, akapaacha, akapavisha plastiki. Lakini gari lilikwisha kuchaguliwa, na bega lililozama halingemrudisha mtu yeyote. Lingekuwa kosa tu. Akafumba macho, akapapasa, akaongeza udongo kidogo, akapalainisha mpaka pakawa sawa na kule dirishani.